Kamera ya Chuo Kikuu na Haki ya Mwanakijiji

Mwalimu yeyote aliyefundisha kijijini kwa miaka mingi anamfahamu mgeni wa aina fulani. Huja na barua ya utambulisho kutoka chuoni, akapokewa na mtendaji wa kijiji, akaketi na wazee siku mbili tatu, akauliza, akaandika, akarekodi sauti, akapiga picha, akashukuru na kuondoka. Huko atokako tasnifu huandikwa na shahada hutunukiwa. Kijijini hairudi hata nakala moja ya kile kilichochukuliwa. Wananchi hawamchukii, maana mgeni ni mgeni. Lakini anapofika wa pili na wa tatu, majibu ya wazee huwa mafupi, na mambo mazito hubaki vifuani mwao.

Desturi hiyo yafaa itafakariwe wakati huu ambapo elimu ya filamu inazidi kupata nafasi katika vyuo vyetu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimefundisha sanaa za maonyesho tangu miaka ya 1960. Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, iliyoanza mwaka 1981 kama Chuo cha Sanaa, imekwisha kulea wasanii wa vizazi kadhaa. Kamera, ambayo zamani ilikuwa mali ya serikali na ya makampuni, leo imo mfukoni mwa mwanafunzi. Kwa hiyo hapana shaka kwamba vijana watapiga picha. Linalobaki kuamuliwa ni kwamba watazipiga kwa niaba ya nani, na zikiisha kupigwa zitakuwa za nani.

Mahali pazuri pa kulijibu swali hilo ni Iyunga, katika Jiji la Mbeya, ingawa jina hilo halitajwi sana mahali ambapo habari za filamu huzungumzwa. Iyunga ni mtaa wa mafundi. Ipo Shule ya Sekondari ya Ufundi, vipo viwanda, na kituo cha reli ya TAZARA cha Mbeya kiko upande huo huo wa mji. Kipo pia Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, kilichoanza mwaka 1986 kikiwa Chuo cha Ufundi, kikawa taasisi mwaka 2005, na kikapandishwa kuwa chuo kikuu mwaka 2012. Chuo cha namna hiyo hakipaswi kuiona filamu kuwa jambo la wasanii wa pwani peke yao. Filamu ni sanaa, na papo hapo ni kazi ya umeme, ya taa, ya sauti na ya kompyuta. Fundi wa Iyunga anayo nusu ya ujuzi huo tayari. Nusu ya pili iko kwa watu wanaomzunguka: kwa wakulima wa viazi wa Umalila na Uyole, kwa wafanya biashara wa Mwanjelwa, kwa wazee wanaosimulia kwa Kisafwa, Kinyakyusa na Kisangu, na kwa wastaafu wa reli.

Kabla ya kusema mafunzo hayo yawe ya namna gani, hapana budi kutazama nyuma, kwa sababu nchi hii si ngeni wa sinema ya elimu. Mwaka 1935, kwa msaada wa fedha za shirika la Carnegie la Marekani, Waingereza wakiongozwa na Meja L. A. Notcutt walifungua kambi ya kutengeneza filamu huko Vugiri, katika milima ya Usambara. Hadi mwaka 1937 walikuwa wametengeneza filamu zipatazo 35 juu ya kilimo, afya na kuweka akiba, wakazizungusha kwa lori katika Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Waigizaji wengi walikuwa Waafrika, na vijana wa Kiafrika walifanya kazi katika chumba cha kusafishia filamu. Hata hivyo mwenyeji wa Vugiri aliombwa mikono na uso wake tu. Mada zilichaguliwa na wengine, na maana ya picha ikaamuliwa na wengine.

Miaka ya mwanzo ya 1950 kijana mmoja mtumishi wa serikali, Rashidi Mfaume Kawawa, aliyekuwa akishughulika na sinema ya kuzunguka vijijini chini ya idara ya maendeleo ya jamii, aliigiza mhusika mkuu katika filamu ya Muhogo Mchungu. Kijana huyo ndiye aliyekuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika mwaka 1962. Watumishi wanaodhani kwamba sinema ni kazi ya watu wasio na kazi yafaa walikumbuke jina hilo.

Baada ya Uhuru, Serikali ilianzisha Kampuni ya Filamu Tanzania mwaka 1968, na mwaka 1974, kwa msaada wa Denmark, ikaanzishwa taasisi ya picha na sauti iliyojulikana kwa kifupi kama AVI. Katika kipindi hicho zilipatikana filamu kama Fimbo ya Mnyonge, Arusi ya Mariamu ya mwaka 1985 na Mama Tumaini ya mwaka 1986. Lakini filamu mbichi ilinunuliwa kwa fedha za kigeni, vipuri vilitoka ng'ambo, na uchumi ulipoyumba vyombo hivyo vilidhoofika hatimaye vikatoweka. Pengo lao lilizibwa na vijana wa mitaani. Tangu filamu ya Girlfriend ya mwaka 2003, soko la filamu za Kiswahili lilikua kwa nguvu ya watu ambao wengi wao hawakupita chuo chochote cha filamu. Hao wanastahili heshima. Hata hivyo soko lina mapendeleo yake. Kilichouzika ni kisa cha mapenzi, jumba la kifahari na gari jipya la Dar es Salaam. Mkulima wa Umalila alinunua picha hizo, akazitazama katika vibanda vya video, na kwa nadra sana akauona uso wake mwenyewe.

Hapo ndipo chuo kikuu kina kazi ambayo soko haliwezi kuifanya. Na namna ya kuifanya imekwisha kuonyeshwa, hapa nchini na kwingineko.

Mfano wa kwanza ni Malya, wilayani Kwimba. Mwaka 1982 na 1983 walimu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, miongoni mwao Penina Muhando Mlama na Amandina Lihamba, walikwenda huko wakiwa hawana mchezo ulioandikwa tayari. Walikaa na wakazi, wakauliza ni matatizo gani yanayowasumbua, na wakazi wenyewe wakayataja, likiwamo la wasichana kupata mimba na kuacha shule. Ngoma na michezo ilitungwa na wanakijiji, ikachezwa mbele ya wanakijiji, kisha watu wakakaa kuijadili. Mtaalamu alikuwa msaidizi. Lihamba huyo huyo alikuja kuonekana miaka mingi baadaye katika filamu ya Maangamizi ya mwaka 2001, filamu ya kwanza kupelekwa na Tanzania kushindania tuzo ya Oscar. Aliyejifunza kusikiliza Malya hakupungukiwa na kitu alipofika kwenye sinema ya dunia.

Mfano wa pili unatoka mbali, katika kisiwa cha Fogo, jimbo la Newfoundland nchini Kanada. Serikali ya jimbo hilo ilikuwa ikihamisha watu kutoka vijiji vidogo, na wavuvi wa Fogo walijua kwamba zamu yao yaweza kufika. Wasomaji wenye umri mkubwa hawahitaji kuelezwa maana ya kuambiwa uhame kijiji chako. Mwaka 1967 Chuo Kikuu cha Memorial kilishirikiana na Bodi ya Taifa ya Filamu ya Kanada, na mwongozaji Colin Low akatengeneza filamu fupi zaidi ya 20 kisiwani humo. Aliyepigwa picha alikuwa na haki ya kujitazama kwanza na kukataa asichokitaka. Filamu zilionyeshwa kisiwani kabla ya kwenda popote, na watu wa vijiji ambavyo havikuwa vikikutana wakagundua kwamba kilio chao ni kimoja. Kisha zikapelekwa kwa viongozi wa jimbo, na waziri wa uvuvi akawajibu wavuvi kwa filamu vilevile. Filamu peke yake haikuwaokoa. Watu walijipanga, wakaanzisha ushirika, na kisiwa hakikuhamwa. Lakini kamera iliwawezesha kusikilizana kwanza wao kwa wao, halafu kusikilizwa na wakubwa.

Hata pwani yetu imeonja jambo hilo. Katika miaka ya 1990, mkoani Mtwara, chini ya mradi wa maendeleo vijijini uliofadhiliwa na Finland, wavuvi walitumia video kuieleza jamii na viongozi hasara ya uvuvi wa baruti. Mvuvi ambaye asingepata nafasi ya kuingia ofisi ya mkubwa aliingia humo kwa sura na sauti yake.

Kutokana na mifano hiyo yaweza kutolewa masharti matatu ambayo mafunzo ya filamu ya chuo kikuu chochote katika Nyanda za Juu Kusini, kiwe cha Iyunga au cha Iringa, yangefaa kuyafuata ikiwa neno ushirikiano litakuwa na maana.

Sharti la kwanza ni kwamba mada itokane na makubaliano ya pande mbili. Mwanafunzi asifike kijijini na mswada uliokwisha kupitishwa na mwalimu wake. Afike mapema, muhula mmoja kabla ya kamera, aonane na serikali ya kijiji, shule, chama cha ushirika, vikundi vya ngoma na viongozi wa dini. Huenda yeye alitaka kupiga picha ya mila, nao wanataka izungumzwe bei ya viazi au barabara isiyopitika masika. Basi hapo ndipo elimu inapoanza, kwa pande zote mbili.

Sharti la pili ni ridhaa yenye meno. Ridhaa ya kutia dole gumba kwenye karatasi iliyoandikwa kwa Kiingereza haitoshi. Mkataba uandikwe kwa Kiswahili, usomwe kwa sauti mkutanoni, na useme wazi kwamba mtu ana haki ya kuitazama sehemu yake kabla filamu haijakamilika na kuomba iondolewe. Sheria zipo. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 inahusu vibali, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inahusu jasho la msanii, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahusu heshima ya mtu katika mambo yanayomtambulisha. Chuo kikifuata barua ya sheria hizo kimefanya wajibu wake kwa Serikali. Kikimweleza mzee wa kijiji maana yake, kimefanya wajibu wake kwa mwananchi.

Sharti la tatu ni mahali pa onyesho la kwanza na mahali pa kuhifadhi nakala. Filamu ionyeshwe kwanza uwanjani mwa shule ya kijiji kilichoizaa, kwenye shuka jeupe ikibidi, kabla haijapelekwa kwenye tamasha la Zanzibar au ng'ambo. Nakala moja ibaki shuleni, nyingine ofisi ya kata, nyingine maktaba ya mkoa. Jambo hili laonekana dogo, nalo ndilo gumu kuliko yote, kwa sababu linamlazimu mtengenezaji kuketi gizani kati ya watu aliowapiga picha na kusikia wanacheka wapi, wananyamaza wapi, na wananung'unika wapi. Hakuna mtihani wa chuo unaoweza kumpima vizuri zaidi.

Yapo mapingamizi, na si ya kupuuzwa.

La kwanza ni gharama. Watasema, chuo kinachohitaji maabara na vitabu kitapata wapi fedha za sinema? Ni kweli kwamba zamani gharama ndiyo iliyoua. Lakini filamu mbichi iliyohitaji fedha za kigeni haihitajiki tena, na vifaa vingi vya kuhariri ni kompyuta zile zile ambazo chuo cha teknolojia hakiwezi kuishi bila kuwa nazo. Gharama kubwa iliyobaki ni ya muda na nauli: siku za mwalimu na wanafunzi kukaa kijijini. Hiyo ndiyo gharama ambayo wakuu wa vyuo hupenda kuifuta kwanza bajeti inapopungua. Ikifutwa, kinachobaki ni kozi ya kushika vyombo.

La pili ni ajira. Mzazi anayeuza ng'ombe kumsomesha mwanawe ana haki ya kuuliza shahada ya filamu italeta nini nyumbani. Jibu la kweli ni kwamba si kila mhitimu atakuwa mwongozaji wa filamu zinazovuma. Lakini halmashauri zina kampeni za afya na kilimo, shule zina uhaba wa zana za kufundishia, vyama vya ushirika vina mambo ya kueleza wanachama, na vituo vya redio na televisheni vinahitaji watu wanaojua kutafuta habari nje ya mji. Mhitimu aliyezoea kufanya kazi na kijiji ataziona nafasi hizo kwa urahisi kuliko aliyefundishwa kuisubiri Dar es Salaam.

La tatu halisemwi hadharani, nalo ndilo zito. Watumishi wengine huogopa kamera ya mwanakijiji. Itakuwaje filamu ikionyesha zahanati isiyo na dawa, au kisima kilichozinduliwa kwa vigelegele na sasa hakitoi maji? Yafaa woga huo ujibiwe kwa uungwana. Mtumishi anayedhani filamu ya wanafunzi imemwonea apewe nafasi ya kujibu ndani ya filamu hiyo hiyo, kama alivyojibu waziri kule Newfoundland, na jibu lake lionyeshwe uwanjani pamoja na malalamiko. Lakini kulizuia neno lisisemwe hakulipi kisima maji. Kisima kikavu wanakijiji wanakiona kila asubuhi. Asiyekiona ni yule aliye mbali, ambaye filamu ingemfikia.

Na wanafunzi nao wana wajibu. Kamera hudanganya kwa urahisi, na mhariri aweza kumfanya mtu mwema aonekane mhalifu kwa kukata neno moja. Chuo kinachowafundisha vijana kuhariri bila kuwafundisha kuwa waadilifu kitakuwa kimewapa silaha bila amri ya jeshi.

Katika kazi hii mwalimu wa shule na mtumishi wa kata si watazamaji. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi kusikiliza redio, kusoma vijitabu na kujadiliana, kisha wakachimba vyoo na kusafisha vijiji vyao. Redio ilisema, lakini kilicholeta matokeo ni kikundi kilichokaa baada ya redio kunyamaza, na kiongozi wa kikundi aliyejua kuuliza. Onyesho la filamu kijijini lahitaji mtu wa namna hiyo. Mwalimu ndiye anayejua nani atazungumza na nani anaogopa, wanawake waketishwe wapi ili wasimezwe na sauti za wanaume, na lini kilimo kinawaruhusu watu kukusanyika. Mtendaji wa kata ndiye anayeweza kulichukua lililosemwa usiku ule na kuliingiza katika kumbukumbu za kikao. Bila wawili hao, filamu ni burudani ya usiku mmoja.

Mambo ya kupiga picha hayakosekani, na mengine hayangoji. Reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilometa 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975. Kipande kigumu kuliko vyote kilikuwa kati ya Mlimba na Makambako, penye madaraja na mahandaki. Kijana wa Nyanda za Juu Kusini aliyekuwa na umri wa miaka 20 alipoanza kubeba mataruma sasa amepita miaka 70. Kila mwaka wanapungua. Picha za viongozi waliozindua reli zimehifadhiwa; za mtu aliyetoboa mlima, akala chakula kimoja na Mchina bila kujua lugha yake, akamzika mwenzake kando ya njia, ni chache. Mwanafunzi wa Iyunga anaweza kumfikia mzee huyo kwa mguu au kwa daladala.

Yapo na mengine: masimulizi ya Kalenga juu ya Mkwawa, ambaye fuvu lake lilirudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954, mbegu za asili ambazo akina mama wa milimani wanazijua kwa majina ambayo kamusi hazina, ngoma ambazo vijana huzicheza siku hizi bila kujua maana ya maneno yake. Yote hayo yazungumzwe kwa lugha za wenyewe, na maandishi ya Kiswahili yawekwe chini ya picha, ili Mtanzania wa Lindi au wa Mara naye afaidike.

Hatua ya kwanza haihitaji jengo jipya wala mfadhili. Chuo kimoja, shule moja, kata moja na wazee wachache wa reli wanatosha kuanza mwaka huu wa masomo, ilimradi makubaliano yaandikwe kabla kamera haijafunguliwa, na shuka jeupe litundikwe kijijini kabla ya mahali pengine popote. Wakuu wa vyuo, maofisa elimu na maofisa maendeleo ya jamii wa Mbeya na Iringa wanao uwezo wa kuita kikao cha namna hiyo. Wakiite wakati wazee wangalipo wa kukihudhuria.